Wanacheza vizuri, hawasomi: michezo ya lugha kwenye darasa la watoto 84

Swali: Nafundisha Darasa la Pili katika shule ya serikali pembezoni mwa mji wa Moshi. Nina watoto 84 kwenye madawati 28, watatu watatu. Wengi wanaimba silabi vizuri sana, lakini ukimpa mmoja mmoja kitabu anakwama, ndiyo maana nikaanza kutumia michezo. Wanaifurahia mno. Ila wanaocheza ni wale wale kumi na wengine wanatazama, mwalimu wa darasa la jirani analalamikia kelele, na mwezi umepita sioni wakisoma vizuri zaidi. Tatizo ni michezo, ni wingi wa watoto, au ni mimi? Na michezo hiyo hiyo inafaa kwa Kiingereza?

Jibu: Mwalimu, wingi wa watoto unaongeza ugumu, lakini chanzo ni aina ya michezo. Kabla hujaupeleka mchezo wowote darasani, jiulize kama mtoto asiyejua kusoma kabisa anaweza kuushinda. Chukua ule unaopendwa kuliko yote: kadi zimetandazwa mbele, mwalimu anataja silabi, watoto wawili wanakimbia, wa kwanza kuikamata anapigiwa makofi. Hapo anashinda mwenye miguu. Wa pili hakupata hata muda wa kuitafuta kadi kwa macho, na 82 waliobaki kazi yao imekuwa kushangilia. Mchezo wa kusoma ni ule ambao mwili hauruhusiwi kusogea mpaka jicho lisome kwanza.

Halafu piga hesabu. Ukiita watoto wawili wawili mbele na kila zamu ichukue sekunde 20, dakika 15 zinakupa zamu 45, yaani watoto 90. Kila mtoto amesoma silabi moja kwa kipindi kizima, na hapo hatujamhesabu yule anayechelewa kutoka nyuma. Darasa hilo hilo likigawanywa makundi 14 ya watoto sita, zamu ikiwa sekunde 10, mtoto anapata zamu 15. Toa ugomvi, toa kadi iliyoanguka, toa anayefunga kamba za viatu: zinabaki nane hivi. Kusoma mara nane au mara moja, hiyo ndiyo tofauti unayoitafuta.

Kuhusu wanaoimba silabi na kukwama kitabuni, jaribu hivi leo. Andika "mu" peke yake ubaoni, bila ma, me, mi, mo kutangulia, umwonyeshe mmoja wao. Wengi wataanza kunong'ona kutoka "ma" mpaka wafike. Wamekariri mpangilio; herufi zenyewe hawazioni. Wengine utawasikia wakitaja majina ya herufi kwanza, "be, a, ba", na wakifika silabi ya tatu ya neno wameshaisahau ya kwanza. Kwa hiyo katika kila mchezo unaotumia, silabi zisikae kamwe kwa mpangilio wa irabu, na mtoto atamke sauti ya silabi moja kwa moja.

Makundi ni rahisi kuliko yanavyoonekana. Madawati mawili yanakuwa kundi moja: watoto wa dawati la mbele wanageuka na kukaa wakitazama nyuma, hakuna kinachoburutwa sakafuni. Makundi yawe ya kudumu kwa nusu muhula, kila moja na namba yake, na lichanganye wawili wanaosoma, wawili wa katikati, wawili wanaoanza. Ukiwapanga wasomaji pamoja, makundi matano yatapaa na tisa yatakaa kimya.

Vifaa vya kuanzia ni manila tano. Manila ya takribani sentimita 84 kwa 59 inatoa kadi 64 za sentimita 10 kwa 7. Kila kundi linahitaji kadi 10 za maneno na kadi 12 za silabi, jumla 308 kwa makundi yote, na manila tano zinatosha kukiwa na akiba kidogo. Boksi la biskuti au la sabuni lililokatwa vizuri linadumu zaidi kuliko manila, ingawa wino wa markapeni hauonekani vizuri juu ya rangi ya kahawia. Bandika karatasi nyeupe kwanza. Andika kwa herufi ndogo, zenye umbo lile lile la kitabu chao, zisipungue sentimita 2. Piga mstari mnene chini ya kila neno. Bila mstari huo, kadi ikigeuzwa "n" inakuwa "u", "d" inasomeka kama "p", na mtoto aliyesoma sawasawa ataambiwa amekosea. Nyuma ya kadi weka namba ya kundi, ili kadi iliyookotwa uani ijulikane ni ya nani.

Mchezo ninaokushauri uuanze, na uukalie wiki mbili kabla ya kuongeza mwingine, ni miraba ya silabi. Watoto wanaujua tayari ule mchezo wa kuchora miraba chini na kuruka, wewe unaubadilisha tu. Kila kundi linachora ardhini miraba 12, mitatu kwa upana na minne kwa urefu, kila mraba upande wake sentimita 30, yaani rula moja. Usiifanye mikubwa zaidi. Ikiwa ya sentimita 40 au 50 mchezo unakuwa wa kushindana kuruka, na mwenye miguu mifupi anashindwa neno analolijua. Jaza silabi hizi, mstari kwa mstari: ki, sa, ku, ta, li, ma, bu, ka, si, pa, ti, ba. Zimechaguliwa kwa sababu zinaunda maneno mengi ambayo mtoto anayajua: bakuli, kabati, kitabu, samaki, kisima, mabati, paka, bata, kiti, saba, sita, tisa, kata, kali. Kwenye kadi za maneno andika kumi yanayochoreka: bakuli, kabati, kitabu, samaki, kisima, paka, bata, kiti, saba, tisa. Mchoro mdogo, au tarakimu kwa saba na tisa, ukae nyuma ya kadi.

Kila mmoja kati ya sita ana kazi. Wa kwanza anachukua kadi na kulisoma neno kwa sauti. Akikwama anaruhusiwa kugeuza nyuma aone mchoro, kisha arudi mbele kulisoma tena akifuata kwa kidole. Wa pili anaruka, akitaja kila silabi mguu unapotua: ba, ku, li. Akishatoka nje ya miraba analitaja neno zima. Wa tatu na wa nne ni waamuzi. Wa tano anaandika neno hilo ardhini kwa kijiti. Wa sita anapiga makofi kwa idadi ya silabi kabla mrukaji hajaanza, makofi matatu kwa bakuli, mawili kwa bata. Neno likiisha wote wanasogea kazi moja kulia. Neno moja limepita kwenye macho, masikio, mikono na miguu ya watoto sita, na hakuna aliyebaki mtazamaji.

Sasa yanayoharibika. La kwanza litakukuta ndani ya dakika tano: watoto watashika mahali, kwamba "ki" iko kona ya juu kushoto, na wataacha kusoma. Kila baada ya maneno matano wafute miraba minne na kubadilishana silabi zake wenyewe. Hapo wanaandika pia. La pili ni ugomvi wa waamuzi. Weka sheria kwamba kosa linahesabika waamuzi wote wawili wakinyoosha kidole; mmoja akinyoosha peke yake mchezo unaendelea, na mwalimu haitwi kuamua. La tatu ni alama. Ukitoa alama kwa kundi lililomaliza haraka, msomaji mzuri ataanza kuwanong'oneza wenzake na kuwasukuma. Hesabu maneno ambayo kundi limeyasoma bila kugeuza kadi. Kundi la polepole linaweza kushinda. La nne, dogo ila linakera: mtoto anataja neno zima kisha anaruka ruka popote. Mwamuzi asikilize silabi inapotajwa na mguu unapotua, vyote kwa pamoja.

Makundi 14 kwa safu mbili za saba yanahitaji eneo la kama mita 17 kwa 6, likiwa na nafasi ya mita moja na nusu kati ya kundi na kundi. Uani kukiwa na vumbi nyunyizia maji nusu saa kabla, hasa kama una watoto wenye pumu. Juni na Julai asubuhi ni ya baridi na mawingu, vidole vinakakamaa. Peleka mchezo huu kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko. Na masika, kuanzia Machi hadi Mei, utahamia ndani: zile kadi 12 za silabi zinapangwa juu ya dawati kwa umbo lile lile la tatu kwa nne, na kizibo cha soda kinaruka badala ya miguu. Sheria hazibadiliki, ila mwandishi anatumia daftari. Mtoto asiyeweza kuruka kwa sababu ya mguu atumie kizibo hata siku za jua, na azunguke kwenye kazi zote sita kama wenzake; usimfanye mwamuzi wa kudumu.

Wanaposoma maneno ya silabi tatu bila kusita, waingize kwenye imla ya mbio. Jina lisikudanganye, kwenye darasa lako itakuwa imla ya kutembea. Andaa kifungu kifupi cha maneno 15 hadi 20, kwa mfano: "Mama ameenda Soko la Mbuyuni. Amenunua ndizi na maharage. Mvua imenyesha njiani. Amepanda daladala hadi Pasua." Nakili mara saba, herufi za sentimita 1 tu. Zikiwa kubwa watazisoma wakiwa wamekaa na mchezo umekufa. Bandika kwenye ukuta wa nje, barazani, kwa kimo cha macho ya mtoto, kama mita moja na kidogo kutoka chini. Katika dawati la watatu, mmoja anatoka kwenda kusoma sentensi moja, anarudi nayo kichwani na kumsomea mwandishi. Wa tatu ni mkaguzi wa herufi kubwa, nafasi kati ya maneno na nukta. Sentensi inayofuata wanabadilishana kazi.

Usiwatoe madawati 28 kwa pamoja. Madawati 14 yanacheza dakika nane huku mengine 14 yakinakili au kuchora kazi ya kitabuni, kisha wanabadilishana, na kwa nakala saba utakuwa na watoto wawili tu kwenye kila karatasi. Anayekimbia anarudi dawatini kuanza upya. Adhabu hiyo inatosha, haihitaji fimbo wala kelele. Kuna ujanja mwingine utakaouona: mtoto kuandika sentensi kiganjani, au kupiga kelele kutoka mlangoni badala ya kufika dawatini. Na kuna usio ujanja, ambao ndio wa kuangalia kwa makini: mtoto anayekwenda na kurudi na herufi moja moja. Huyo hajafikia kusoma neno zima, mrudishe kwenye miraba ya silabi kwa siku kadhaa bila kumtangaza.

Kusikiliza kunasahaulika kwenye madarasa yetu kwa sababu tunadhani mtoto anayezungumza Kiswahili anasikia kila sauti yake. Si kweli. Mtoto anayeandika "karamu" akimaanisha kitu cha kuandikia mara nyingi hasikii tofauti ya L na R, na ukimsahihisha daftari kwa wino mwekundu mwaka mzima ataendelea hivyo. Tumia nyama nyama. Wanaujua: kiongozi anataja mnyama, akiwa analiwa wanaruka na kuitikia "nyama!", akiwa haliwi wanatulia. Wewe taja maneno: kula, kura, kalamu, karamu, mahali, mahari, changanya na mengine kama lala na ruka. Wakisikia L mikono juu, wakisikia R mikono mabegani. Macho yafumbwe, la sivyo watatazamana na utakuwa na watoto kumi wanaosikia na 74 wanaoiga. Taja neno mara mbili, hesabu moja mbili kimoyomoyo, ndipo wafanye. Maneno 12 yanakula dakika tatu, unaweza kuuweka mwanzoni mwa kipindi kila siku. Maneno kama kura na mahari yaeleze kwanza. Kura watailewa vizuri mkichagua kiranja.

Uani anayekosea nyama nyama hutoka. Darasani asitoke mtu. Ukiwatoa wanaokosea, anayehitaji zoezi kuliko wote anakuwa wa kwanza kukaa chini, na dakika mbili baadaye unafundisha watano wasiokuhitaji. Aliyekosea anabaki, na wewe unatupia macho mstari mmoja wa madawati kila siku na kuandika majina ya waliokosea.

Kwa kuzungumza, soko linatosha, na hapa sitakaa sana kwa sababu watoto wa Moshi wanalijua soko kuliko mwongozo wowote. Katika kundi la sita, watatu ni wauzaji na watatu wanunuzi. Kila muuzaji ana karatasi yenye bidhaa tano na bei zake, na bei zitofautiane kati ya wauzaji. Kila mnunuzi ana orodha ya vitu vitatu, fungu la nyanya, chane ya ndizi, sado ya viazi, na anatakiwa apate bei ya chini kuliko zote. Karatasi ya bei haionyeshwi, inasemwa kwa mdomo tu. Hilo la kutoonyesha ndilo linaloushikilia mchezo, maana mtoto anauliza kitu ambacho kweli hakijui. Ukiwaandikia mazungumzo ubaoni wayakariri, umepata maigizo. Kusalimia na kupunguziwa bei viwe lazima. Baada ya dakika sita wanabadilishana, kisha kila mmoja anaandika sentensi moja ya alichonunua. Utashangaa ni nani anaongoza hapa. Mara nyingi ni wale wanaokaa kimya wakati wa kusoma.

Kelele. Watoto 84 wanaozungumza kwa zamu ndani ya makundi 14 wana kelele ndogo kuliko 82 wanaoshangilia wawili, kwa hiyo nusu ya malalamiko ya jirani itakwisha yenyewe. Nusu nyingine mwambie mapema siku na kipindi cha mchezo, ili asipange imla wakati huo. Ishara ya kunyamaza ifundishwe siku moja kabla, bila mchezo wowote: wewe makofi matatu, wao makofi mawili na mikono kichwani. Rudieni mara kumi mpaka iwe tabia. Filimbi inafaa uani tu. Maelezo ya mchezo usiyatoe kwa maneno, lichukue kundi moja licheze mzunguko mmoja mbele ya wenzao huku wote wamenyamaza, kisha uliza, "Mrukaji amefanya nini?" Kwa kipindi cha dakika 30, tano ziende kwenye kuonyesha, 15 kucheza, na dakika nane za mwisho kila mtoto aandike maneno matano ya mchezo huo daftarini peke yake. Wengi hukata hizo nane kwa sababu mchezo umenoga, na matokeo yake wanakosa kujua nani amebebwa na kundi.

Ili usisubiri mtihani kujua kama kuna maendeleo, ita watoto watano kila siku wakati wengine wanaandika. Mwonyeshe kila mmoja silabi kumi zilizochanganywa kwa dakika moja na uandike alizozipata. Ndani ya siku 17 za shule umewapitia wote 84, unaanza tena. Mtoto aliyetoka tatu hadi saba anasonga, hata kama kitabuni bado anakwama. Asiyesogea kabisa mizunguko miwili, kabla ya kumwongezea michezo, mpime macho kwa kumsogeza mbele na masikio kwa kumwita akiwa amekupa mgongo.

Kuhusu Kiingereza: nyama nyama, soko na imla ya mbio vinahamia vizuri. Miraba ya silabi usiihamishe. Irabu ya Kiswahili ina sauti moja popote inapokaa, ya Kiingereza inabadilika kutoka neno hadi neno, na mtoto uliyemfundisha kuruka silabi atasoma maneno ya Kiingereza kwa matamshi ya Kiswahili na kuona amepatia. Badala yake anza na amri. Mwanasaikolojia wa Marekani James Asher, katika miaka ya 1960, aliijenga njia yake ya kufundisha lugha juu ya jambo ambalo kila mama analijua: mtoto mchanga anatii "njoo" na "lete" miezi mingi kabla ya kuyasema. Chagua amri sita, kama stand up, sit down, touch your desk, point to the door. Siku ya kwanza unasema na kufanya pamoja nao. Siku ya tatu unasema bila kufanya, na kwa mpangilio tofauti kila mara. Siku ya tano unaziunganisha kwa namna ambayo hawajawahi kuisikia, touch the door, point to your desk, na hapo utajua nani anaelewa maneno na nani alikuwa anafuata mkumbo. Kutamka waache waanze wenyewe. Wengi watataka kuwa kiongozi wa kutoa amri kabla wiki ya pili haijaisha, na yule asiyetaka aendelee kutii kwa mwili.